Sufi Nyeusi Kabla ya Pasaka

Jumatatu, 8 Machi 1954

Nimepima tena. Nimevuta unywele mmoja wa utosini nikaulaza kwenye rula: inchi mbili na kidogo. Nikauachia. Ukajikunja na kurudi ulikotoka, kama konokono aliyeguswa.

Gadi wa treni kapita nyumbani na salamu za Raymundi kutoka Tura. Atakuja Jumatatu ya Pasaka, pamoja na mama yake na baba zake wadogo. Kuleta posa! Mama kapiga vigelegele mpaka kuku wakaruka. Baba kakohoa mara mbili — kwake hiyo ni furaha kubwa. Mimi nikaenda kwenye kioo.

Raymundi hajui. Mara ya mwisho kuniona ilikuwa Septemba, kabla hajahamishiwa stesheni ya Tura, na wakati ule nywele zangu zilishuka mpaka mabegani. Baada ya mazoezi ya kwaya aliniambia kwamba anakosea besi kwa ajili yangu: mimi nakaa mstari wa mbele, na nywele zangu zinacheza kuliko wimbo. Nikajifanya nimekasirika. Sentensi hiyo nimeirudia kichwani kila siku tangu hapo, kama mtoto anayekariri katekisimu.

Novemba Bibi akafa Bukene. Tukazika, tukanyolewa — Mama, mimi, wajukuu wote wa kike, kwenye mkeka mmoja. Siku ile nywele niliziona kitu kidogo sana. Nilimlilia Bibi tu. Raymundi alituma rambirambi nzuri, lakini mwanamume akisikia msiba hafikirii wembe.

Sasa si kitu kidogo tena. Hiyo ndiyo aibu yangu. Mwalimu mwenye cheti, anayefundisha Hesabu na Afya, anayesoma vitabu mpaka taa inaisha mafuta — na roho yote iko kwenye inchi mbili.

Jumatano, 10 Machi

Kwa Fakhria baada ya shule. Nyumba yao ni ya pili kutoka kwetu, lakini ukivuka kizingiti chake unaingia nchi nyingine: udi, kahawa, na Bibi yake, Bi Semeni, juu ya kitanda cha kamba anasimamia dunia.

Fakhria hajui kusikiliza jambo kwa huruma. Kacheka kwanza. "Shoga, anakuoa wewe au anaoa nywele?"

Nikamwambia sijui, na ndiyo maana siwezi kulala.

Akaona sitanii. Akanishika kichwa, akakigeuzageuza kama anayechagua nazi. Zinatosha, akasema. Zitashika kitu. Kitu gani, ndiyo swali.

Bi Semeni akaingia kati bila kuulizwa. Nywele za mwanadamu mwingine ni haramu kuunganisha, zisiletwe nyumbani kwake hata ndani ya kikapu. Uzi, hariri, sufi — ruhusa. Halafu akanitazama: "Wewe si dini yetu, lakini mikono itakayokusuka ni ya mjukuu wangu."

Basi sufi. Sufi nyeusi ya kufumia, ile ya duka la Mhindi karibu na soko. Ukiisokota misuko membamba na kuipaka mafuta, mtu aliye hatua tano hawezi kuitofautisha. Raymundi ataketi hatua ngapi? Sebule yetu ni ndogo!

Jumamosi, 13 Machi

Tumeanza. Na tumeanza kisayansi, nimesisitiza mimi. Darasani nawaambia wasichana: ukitaka kulinganisha vitu, badilisha jambo moja tu, mengine yote yabaki sawa. Kwa hiyo sufi ni ileile, kichwa ni kilekile, siku zilezile. Kinachobadilika ni namna ya kuifunga.

Upande wa kushoto: kusukia. Sufi inasukwa pamoja na nywele zangu tangu kwenye mzizi. Hivi ndivyo wanawake wengi hapa wanavyofanya.

Upande wa kulia: kushona. Kwanza mistari iliyolala kichwani, midogo, imebana. Halafu misuko ya sufi inashonwa juu ya mistari kwa sindano na uzi mweusi. Fakhria kajifunza kwa shangazi yake. Sindano ilipopita karibu na sikio nilisali.

Kisogoni: kugandisha. Hili ni wazo langu mwenyewe. Nta! Mjomba Damas ana mizinga porini, na nta yake huiuza misheni kwa mishumaa. Kanipa bonge zima bure, akidhani nataka kulainisha uzi wa kushonea. Unayeyusha kidogo, unachovya ncha ya msuko, unabandika kwenye nywele kabla haijapoa. Hakuna kuvuta, hakuna sindano. Nywele hazisumbuliwi hata kidogo. Nilijivunia sana. Fakhria alisema tu, "Ya mwalimu hayo."

Gharama mpaka sasa: kugandisha kunashinda, nta ni bure na sufi inaingia kidogo tu. Kusukia ni sufi tu. Kushona ni sufi, uzi, sindano mbili (moja imevunjika kichwani kwangu), na alasiri nzima ya Fakhria, ambaye hana bei lakini ana maneno.

Nimefunga kitambaa. Chini yake nina vichwa vitatu.

Jumanne, 16 Machi

Kushoto kunauma. Sufi ni nzito na nywele ni fupi, kwa hiyo kila msuko unaning'inia kwenye inchi mbili maskini. Vipele kwenye paji la uso. Nikitabasamu, paji linavutwa. Leo nimefundisha kugawanya desimali bila kutabasamu hata mara moja, na wasichana wakawa watulivu kuliko siku zote. Labda nibaki hivi.

Kulia: kimya. Kunabana, lakini kunabana kote sawasawa, kama kofia.

Kisogoni: sisikii kitu kabisa! Nta ndiyo njia.

Alhamisi, 18 Machi

Nta siyo njia.

Saa ya nne, jua likiwa kali baada ya mvua ya usiku. Nafundisha Afya, somo la nzi na vyombo vya chakula. Nikahisi shingo ina joto, halafu unyevu. Nikadhani jasho. Nikapapasa: msuko mzima ukabaki mkononi. Nikauficha ndani ya daftari la mahudhurio.

Halafu nyuki mmoja. Akapita dirishani, akanizunguka, akatua begani. Nikamfukuza kwa chaki. Akarudi na mwenzake. Wakarudi na ukoo.

Nta ya Mjomba Damas haikuchujwa vizuri — ilikuwa bado na asali ndani yake! Mimi mjukuu wa warina asali nimejipaka mzinga kisogoni na kwenda kusimama kwenye dirisha lililo wazi. Wasichana walipita madirisha mengine kama mbuzi. Mmoja akapiga kelele, "Mwalimu, lala chini!" Nikalala chini. Sista Mkuu akafika mlangoni, akanikuta chini ya meza na kitambaa mdomoni. Nilidungwa mara mbili tu, nashukuru.

Baadaye ofisini akauliza, kwa upole wa kutisha, kama ninatumia manukato katika Kwaresima. Nikasema hapana, Sista, ni nta. Akauliza ya nini. Nikasema ya sayansi. Akasema sayansi ifanyike siku za mapumziko.

Jioni Mama na Fakhria wakaitoa nta kwa mafuta ya karanga yaliyopashwa moto, na kitana. Fakhria alipendekeza pasi ya mkaa na gazeti, kama tunavyotoa nta kwenye vitambaa vya altare. Alikuwa anatania. Nadhani. Nywele za kisogoni zimepungua kwa wazi, nyingine zimetoka na mizizi. Njia isiyosumbua nywele!

Mama hakucheka kama Fakhria. Alikuwa akinipitishia kitana taratibu, akasema, "Hata mimi zangu ni fupi, mbona baba yako hajanikimbia?"

Nikasema Baba hajawahi kukosea besi kwa ajili yako.

"Baba yako hajui kuimba," akasema Mama. Hapo ndipo alipocheka.

Jumapili, 21 Machi

Mvua kubwa wakati wa kutoka misa. Nimejua jambo ambalo hakuna aliyeniambia: sufi ikilowa inanuka kondoo. Njia nzima watu waligeuka kutafuta mnyama. Mimi pia niligeuka kutafuta.

Kushoto: misuko mitatu imeteleza ikaanguka kwa uzito wa maji. Kulia: haikutikisika.

Jumamosi, 27 Machi

Tumefumua kushoto. Naandika matokeo nikiwa bado nakumbuka, kwa ajili yangu, maana hayatachapishwa popote.

Kusukia ni rahisi kwa mfuko na kwa muda. Mtu anaweza hata kujisuka mwenyewe. Lakini kunataka nywele ndefu ili sufi ipate pa kushika, na mwenye nywele ndefu ana haja gani ya sufi? Nyuma ya paji kumebaki nafasi ya upara upana wa kidole. Nywele zilizokatika nimezikusanya kwenye kiganja. Nilitaka kulia, halafu nikaona zinafanana na nyusi za Padre, nikacheka peke yangu.

Kugandisha: nimeeleza. Sitaki kueleza tena.

Kushona: ghali kuliko zote, muda mrefu kuliko zote. Kunawasha, huwezi kuosha ngozi vizuri, najikuna kwa sindano ya kufumia. Lakini uzito unabebwa na mstari mzima, si na unywele mmoja mmoja. Fakhria alipofunua mshono mmoja kuangalia, nywele zangu chini yake zilikuwa salama, tena zimekua. Kushona kunadumu. Nimepigia mstari.

Bi Semeni kasikia hukumu yangu, akasema angeweza kuniambia hayo tangu siku ya kwanza, ila nilikuwa nafurahia.

Jumatano, 31 Machi

Swali la usiku na mchana: je, ni uongo?

Mtu akivaa viatu hadanganyi kwamba miguu yake ni ya ngozi ya ng'ombe. Lakini mtu huyo hakuambiwa na mwanamume kwamba anapendwa kwa ajili ya ile ngozi. Hapo ndipo hoja yangu inavunjika kila mara, mahali palepale.

Ninachotaka kwa kweli ni hiki: Raymundi anione na nywele, afurahi, posa ipokelewe, halafu polepole, siku moja, ajue, na asijali. Yaani nataka kupendwa bila nywele, lakini nataka kujua hilo baada ya mambo kwisha. Mwoga wa namna gani huyu! Anataka majibu ya mtihani baada ya kupewa cheti.

Jumamosi, 10 Aprili

Kichwa chote kimeshonwa. Tulianza baada ya chai ya asubuhi, tukamaliza adhana ya magharibi ikilia, na Fakhria akanyanyuka akiwa ameshika mgongo kama mwanamke wa miaka sabini. Kila fundo dogo kama mbegu ya ulezi. "Hata treni ya mizigo ikivuta," akasema, "hazitoki."

Nilijitazama. Ni mimi wa Septemba! Nimetikisa kichwa, zikacheza. Nimetikisa tena. Nimetikisa mpaka shingo ikauma.

Jumapili ya Matawi, 11 Aprili

Kanisani watu walitazama matawi na mimi, kwa zamu. Waimbaji wawili wa alto walinong'onezana. Nimetubu majivuno wakati wa Credo na kuyarudia wakati wa Sanctus.

Ijumaa Kuu, 16 Aprili

Loo!

Naandika polepole ili nielewe.

Mama yake Raymundi, Bi Marcelina, kafika tangu jana kwa treni ya Mwanza, kalala kwa ndugu zake hapahapa kwetu Ipuli. Hatukujua. Leo kwenye Njia ya Msalaba alikuwa nyuma yetu. Mimi nimefunga kitambaa, lakini misuko ilishuka mgongoni — niliiacha ishuke, lazima nikiri. Tulipotoka nje, mwanamke mrefu mwenye kanga nyeusi akamsogelea Mama. Wakaamkiana Kinyamwezi. Akasema yeye anatoka Bukene, na alimfahamu sana marehemu Bibi yetu. Walilima mashamba yaliyopakana, ila maziko yalimkuta safarini. Halafu akauliza, yule binti mwenye nywele ndefu ni wa nani?

Mama, kwa fahari: "Wangu. Paskazia. Mwalimu."

Yule mwanamke akamtazama Mama kichwani, zile nywele zake fupi za msiba. Akanitazama mimi kisogoni. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Na huyu, Bibi yake alizikwa na nani?"

Akaaga. Akaenda zake. Ndipo jirani akamwambia Mama yule ni nani.

Kwao, na kwetu pia, mjukuu asiyenyoa ni mjukuu aliyekataa msiba. Nilijua! Nimekuwa nikijua tangu utoto! Miezi hii yote nimemfikiria mwanamume mmoja na jicho lake, nikasahau kwamba kila mwanamke wa Bukene atasoma kichwa changu kama tangazo. Na Fakhria, ambaye kwao hawanyoi, asingeweza kukumbuka kwa niaba yangu. Kadiri kazi yake ilivyo nzuri, ndivyo ninavyoonekana mtu mbaya zaidi. Kama ingekuwa nta, angalau angejua ni bandia!

Mama kasema jambo moja tu tangu turudi: "Utamwambia mwenyewe." Sijui amekusudia mama au mwana.

Jumamosi Kuu, 17 Aprili

Nimeamua kuzifumua.

Nimeamua kuziacha na kueleza.

Nikieleza, Bi Marcelina atajua nilinyoa, lakini atajua pia kwamba nilitaka kumlaghai mwanawe. Nikifumua, Raymundi atakuta inchi tatu na upara wa kidole. Nimekwenda kwa Fakhria mara mbili na kurudi bila kubisha hodi.

Pasaka, 18 Aprili

Kristo kafufuka. Mimi bado.

Lakini kwenye misa, wakati wa kuwaombea marehemu, nimeona wazi. Wakisema Raymundi amenikataa kwa sababu ya nywele, nitaumia, na nitaweza kusimulia. Hata kucheka, baadaye sana. Wakisema sikumlilia Bibi — hapana. Hilo siwezi kulibeba. Bibi aliyenitafunia karanga nilipokuwa sina meno!

Kesho asubuhi zinatoka. Wageni ni alasiri. Muda upo.

Jumatatu ya Pasaka, 19 Aprili

Kushona kunadumu. Na nilipigia mstari!

Fakhria kaja mapema na wembe na mkasi. Tulidhani ni kukata tu. Lakini uzi ni mweusi, nywele ni nyeusi, mafundo yake ni madogo, na ukikosea kidogo unakata mstari wenyewe. Alifumua upande wa kulia, fundo kwa fundo, akijilaani kwa Kiswahili na Kiarabu. "Nani kashona hivi!" kila mara. Adhuhuri ikafika upande wa kushoto haujaguswa.

Halafu hodi. Adhuhuri! Nikasikia sauti ya Baba ikikaribisha, na sauti ya Raymundi — naijua hata nikiwa usingizini — ikiomba radhi: yeye ndiye aliyewaharakisha.

Fakhria akaganda, mkasi hewani. Kabla hatujapata wazo lolote, pazia la chumba likafunguka na Bi Marcelina akaingia, kama mwanamke anavyoingia kuwasalimu walio ndani.

Nilipiga goti. "Shikamoo, mama."

Alinitazama kulia, akanitazama kushoto. Akasogea, akaweka kiganja upande wa kulia, juu ya nywele zangu zilizosokotana, akakiacha pale.

"Kumbe za msiba zipo," akasema.

Nikasema zipo, mama. Nilinyolewa na wenzangu. Hizi nyingine nimezivaa kwa ajili ya Raymundi, aliwahi kuzisifu zangu, nikaogopa. Nilisema yote hayo kwa pumzi moja, nikiangalia miguu yake.

Akashika msuko wa upande wa pili, akaunusa. "Kondoo," akasema. Halafu akaanza kucheka, akijizuia, mabega yakitikisika, kanga mdomoni. Akamgeukia Fakhria: nani kashona, fundi wa magunia?

"Mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Njoo Bukene msimu wa karanga, kazi ipo."

Nikamwomba atuachie muda kidogo tumalize upande uliobaki. Akaacha kucheka. Akatikisa kichwa.

"Toka hivyohivyo," akasema. "Mwanangu tangu Septemba anatuhubiria nywele mpaka tumechoka. Mimi nimekwisha ona ninachotaka kuona. Na yeye aone zote, kisha aseme mbele yako, si kwenye treni akirudi."

Akatoka. Na mimi, badala ya kutoka, nimekaa kitandani na kufungua daftari. Wino unachafua ukurasa.

Namsikia huko sebuleni. Raymundi kauliza, "Yuko wapi?" Mama yake kajibu kwamba anakuja, na asimkodolee macho mtoto wa watu. Baba kakohoa. Mara moja tu — sijui maana ya mara moja.

Fakhria kaniondolea mabaki ya sufi begani. Kanga iko kwenye msumari, naifikia nikinyoosha mkono. Kaniona naitazama, kaishusha na kuikalia.

"Haya, shoga," ananong'ona. "Unatanguliza upande upi?"